Herufi nne, temperamenti nne au mizani tano: tabia uipime kwa kipi?

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa sita wa sekondari hapa Lubumbashi, na mtihani wa taifa umekaribia. Tangu utotoni amesema atasoma sheria. Mwezi uliopita alikuja kwangu Katuba jioni, simu mkononi. Alikuwa amejibu maswali ya bure kwenye intaneti, kwa Kifaransa, akapewa herufi nne, ya kwanza ikiwa I. "Mama mudogo," akaniambia, "test inasema miye ni introverti. Avoka njo mutu ya kusema. Nitatafuta kintu ingine." Yaani yeye ni mtu wa ndani, na wakili kazi yake ni kusema.

Wiki hiyohiyo shemeji yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kenya, komini ya hapa mjini, aliniuliza kama kuna test ya kumjua mwizi kabla hujampa kazi. Na binti wa jirani, anayejiandaa kufunga ndoa, alitoka kwenye mafundisho ya wachumba na karatasi iliyosema yeye ni melankoliki, mtu wa huzuni na mawazo, na mchumba wake ni sangwini, mchangamfu. Hakulala vizuri usiku ule.

Nimesomea saikolojia, na kazi yangu ni kuwaelekeza wanafunzi wanaochagua masomo. Watu watatu hawa walikuwa na maswali matatu tofauti, na kila mmoja alikuwa anaelekea kushika kipimo kisichojibu swali lake. Kwa hiyo nimeviweka vipimo hivi kimoja kando ya kingine. Niseme mapema ninakoegemea: kipimo kinachokuweka mahali fulani kwenye mstari ninakiamini kuliko kinachokutia ndani ya sanduku, na hicho cha mstari chenyewe nakiamini zaidi kikiulizwa kwa lugha unayoiota usiku.

Kinachopimwa ni nini hasa

Kiswahili kina maneno kadhaa hapa. Hulka ni ile uliyozaliwa nayo. Mwenendo ni yale watu wanayokuona ukiyafanya. Tabia imebeba yote mawili, na mazoea juu yake. Wanasaikolojia wanapochunguza tabia ya mtu wanatafuta namna yake ya kufikiri, kuhisi na kutenda ambayo inajirudia mwaka hadi mwaka, na inayomtofautisha na mwenzake aliye katika hali ileile.

Hayo maneno "hali ileile" ndiyo yenye uzito. Maji ya bomba yakianza kutoka saa nane usiku, lupango lote, yaani uwanja mmoja wenye nyumba kadhaa, linasikia. Kuna anayeamka ajaze bidoni zote, yaani madumu. Kuna anayejaza moja akarudi kulala. Kuna anayesema kesho yatatoka tena. Bomba ni moja, usiku ni mmoja, na kama tofauti hiyo inajirudia wiki hadi wiki, hapo tunaanza kuzungumza juu ya tabia. Usiku mmoja peke yake hausemi kitu; huenda aliyelala alikuwa na homa.

Jambo hili liliwahi karibu kuuvunja uwanja mzima. Mwaka 1968 Walter Mischel, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya tafiti zilizokuwepo akaonyesha kwamba ukimpima mtu tabia kwa maswali, kisha ukatazama tendo lake moja mahali pamoja, viwili hivyo havishikani sana: uhusiano wake mara nyingi haupiti 0.3, pale ambapo 1 ni kulingana kabisa. Wengi walisema basi, tabia ni ndoto, hali ndiyo inayomwendesha mtu. Seymour Epstein alijibu mwaka 1979 kwa kufuatilia matendo ya watu kwa siku nyingi na kuyajumlisha. Yakijumlishwa, uhusiano ulipanda sana. Mischel alikuwa na haki kuhusu tendo moja, na Epstein kuhusu mwezi mzima. Mtoto anayenyamaza mbele ya baba yake si lazima awe mnyamavu. Msikilize akiwa na wenzake kwenye avenyu, halafu msikilize tena wiki ijayo.

Na je, inabadilika? Tunasema tabia haina dawa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za tabia kati ya watu inaendana na kurithi, hivyo msemo huo una chembe ya ukweli. Lakini Brent Roberts na wenzake walipojumlisha sampuli 92 za watu waliofuatiliwa kwa miaka, mwaka 2006, waliona kwamba watu kwa wastani wanazidi kuwa makini na kazi na kutulia moyo, hasa kati ya miaka 20 na 40. Kwa msichana wa miaka 18 habari hii ina maana kubwa: kipimo cha leo kinapiga picha ya mtu ambaye bado anatembea.

Masanduku

La kwanza ni kongwe kuliko yote. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyetoka Pergamon, aliendeleza mafundisho ya Hippocrates kwamba mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Damu ikizidi, mtu ni mchangamfu, ndiye sangwini. Kohozi likizidi ni mtulivu mzito, flegmatiki. Nyongo ya manjano humfanya koleriki, mwepesi wa hasira, na nyongo nyeusi humfanya melankoliki, mwenye huzuni na mawazo. Tiba iliyaacha majimaji hayo zamani, lakini majina yake yanaishi makanisani kwetu, kwenye mafundisho ya wachumba na semina za vijana.

Siwezi kuyadharau. Nimeona wachumba ambao hawajawahi kusemezana juu ya hasira wakaanza kusemezana kwa sababu ya karatasi ile. Zaidi ya hayo, Hans Eysenck, aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba ukichukua mstari mmoja wa utulivu wa moyo na mwingine wa uchangamfu, ukaipitisha ikakatane kama njia panda, pembe nne zinazopatikana zinafanana na yale majina manne. Mtu mchangamfu na mtulivu wa moyo ni sangwini. Mnyamavu mwenye moyo unaotikisika ni melankoliki. Macho ya wazee wale yaliona kitu cha kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila mtu anaishi pembeni, wakati wengi wetu tunasimama karibu na ile njia panda yenyewe.

Waliosoma saikolojia kwa Kifaransa huenda wanamkumbuka René Le Senne, aliyetoa mwaka 1945 mafundisho ya tabia nane zilizojengwa juu ya wepesi wa kuguswa, utendaji, na muda ambao jambo linabaki moyoni. Leo ni wachache wanaopima kwa njia hiyo, ingawa lile swali la tatu, jambo linakaa moyoni kwa muda gani, bado nalipenda.

Kisha zile herufi nne. Chanzo chake ni kitabu cha Carl Jung, daktari wa Uswisi, cha mwaka 1921, kilichoeleza aina za watu. Katharine Cook Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, Wamarekani ambao hawakuwa wamesomea saikolojia rasmi, walikisoma wakakigeuza kuwa maswali, na kipimo cha Myers-Briggs kikachapishwa mwaka 1962. Kuna jozi nne: unapata nguvu ndani au nje, unategemea yanayoonekana au hisia ya mbali, unaamua kwa hoja au kwa moyo, unapenda mambo yaliyopangwa au yaliyo wazi. Nne hizo zinazaa masanduku 16. Kumbuka pia kwamba maswali mengi ya bure yanayozunguka kwenye simu si kipimo hicho chenyewe, ni ndugu zake wa mbali.

Uzuri wake nauona. Lugha yake haimtukani mtu. Kila sanduku lina sifa zake njema. Ukikaa na wenzako wa kazini mkasomeana, mtacheka na mtaelewana. Wenyewe wanaokiuza wanasema kisitumiwe kuchagua waajiriwa, na hapo nawaheshimu.

Lakini tazama kilichompata mtoto wetu. Nilimwomba anionyeshe ukurasa wa matokeo. Chini ya herufi palikuwa na asilimia, ndogo, za rangi ya kijivu: 54 upande wa ndani, 46 upande wa nje. Yaani yuko katikati kabisa, ameinama kidogo upande mmoja. Kama angejibu maswali mawili tofauti, labda siku isiyo ya uchovu, herufi ingegeuka na avoka angebaki avoka. Hilo ndilo tatizo la sanduku. Ukiwapima watu wengi, hawajikusanyi katika makundi mawili, wanyamavu huku na wasemaji kule. Wengi wanarundikana katikati kama kichuguu, na kisu cha herufi kinakata pale pale kwenye kilele, mahali penye watu wengi zaidi. Ndiyo maana wanaorudia kipimo baada ya wiki chache mara nyingi hupata angalau herufi moja tofauti. Katika baadhi ya tafiti walifika nusu.

"Mbona ilinieleza vizuri hivyo?" aliniuliza. Swali zuri, na lina jibu la mwaka 1948. Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Wakayapa alama kwa usahihi, kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, yenye sentensi alizookota kwenye kitabu cha nyota: una uwezo mwingi ambao hujautumia, wakati mwingine una shaka kama umeamua vyema. Nani hana shaka? Hisia ya "huyu ni mimi kabisa" haipimi ubora wa kipimo. Kabla hujaamini maelezo yako, soma ya sanduku la mwingine uone kama nayo hayakuingii vilevile.

Mizani tano

Njia ya pili ilianza kwenye kamusi. Mwaka 1884 Francis Galton, Mwingereza, alisema kwamba tofauti za watu zilizo muhimu lazima ziwe zimeacha alama kwenye lugha, maana watu huzipa majina. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa maneno 17,953 yanayoweza kumtofautisha mtu na mtu. Raymond Cattell aliyapunguza hadi akabaki na sifa 16. Ernest Tupes na Raymond Christal, wakifanya kazi kwa jeshi la anga la Marekani, waliona mwaka 1961 kwamba data zao zinarudi kwenye mafungu matano. Lewis Goldberg, Paul Costa na Robert McCrae ndio waliofanya tano hizo zijulikane dunia nzima.

Nazieleza kwa maneno ya hapa nyumbani. Ya kwanza ni uwazi kwa mapya: huyu akisikia wimbo wa lugha asiyoijua anauliza maana yake, mwingine anageuza redio. Ya pili ni bidii na utaratibu. Ndizo zile bidoni za saa nane usiku. Ya tatu ni uchangamfu, nguvu anayoipata mtu akiwa katikati ya watu. Ya nne ni upole wa kupatana, moyo wa kuwapa wengine nafasi na kuwaamini. Ya tano ni wepesi wa kuhangaika, kasi ambayo moyo unapanda kwa wasiwasi, hasira au huzuni na muda unaochukua kushuka.

Hakuna "ndiyo" wala "hapana". Kila moja ni mstari, nawe una mahali pako. McCrae na Costa walipoilinganisha na zile herufi nne, mwaka 1989, waliona kwamba jozi nne za Myers-Briggs zinashikana na mizani nne kati ya tano. Ya tano, wepesi wa kuhangaika, haimo kabisa kwenye herufi. Ni hasara, maana hiyo ndiyo inayogusa zaidi furaha ya mtu nyumbani. Naelewa kwa nini imeachwa: hakuna anayependa kununua karatasi inayomwambia kwamba anahangaika upesi. Ila ningependa kulijua hilo kabla sijaoa au kuolewa.

Bei na urefu vinatofautiana. Kipimo kamili cha Costa na McCrae kina maswali 240 na kinauzwa. Kuna kingine cha maswali 44, na Goldberg aliweka hazina ya maswali zaidi ya 3,000 ambayo yeyote anaruhusiwa kuyatumia bila kulipa. Kwa matumizi ya kawaida, maswali 50 kutoka humo yanatosha. Vipo vifupi vya maswali 10, lakini hivyo ni vya mtafiti mwenye haraka.

Udhaifu upo. Mtu anajieleza mwenyewe, na anaweza kujipamba. Namba haina ladha ya hadithi. Kijana anayetaka kuambiwa yeye ni nani anatoka na grafu ya mistari mitano na uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Nami namwambia asichukue alama moja kama hukumu. Alama ya 38 au 43 ni kitu kilekile.

Wino, picha na mwandiko

Hapa nitapita haraka. Hermann Rorschach alichapisha kadi zake 10 za madoa ya wino mwaka 1921 na akafa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 37. Christiana Morgan na Henry Murray walitoa mwaka 1935, Harvard, picha za kutungia hadithi. Wazo ni kwamba mtu akieleza kitu kisicho wazi anajieleza mwenyewe. Ni kazi ya mtaalamu aliyefundishwa, kwenye tiba, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Kwa kuchagua masomo au mfanyakazi, viache.

Lakini msomaji wa Kongo anapaswa kujua kwamba njia hii ilipita kwetu. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia André Ombredane alitengeneza toleo la Kongo la zile picha za kutungia hadithi, zikiwa na watu na mazingira ya hapa, na akalichapisha mwaka 1954. Kubadilisha picha ili mtu ajione ndani yake lilikuwa jambo la busara. Lengo lililotangazwa, kuchunguza "mentalité", yaani namna ya kufikiri, ya weusi wa Kongo kana kwamba ni moja, lilikuwa sanduku kubwa kuliko yote niliyoyataja. Mjini hapa, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, kituo cha CEPSI kilianzishwa mwaka 1946 kuchunguza "matatizo ya kijamii ya wenyeji". Babu zetu walipimwa sana. Matokeo hayakuwa yao.

Kuhusu mwandiko: kuna waajiri wanaotaka barua ya maombi iandikwe kwa mkono ili wasome tabia humo. Tafiti zililipima jambo hili, na mwandiko haukutabiri kazi ya mtu.

Jicho la jirani

Kuna kipimo kisicho na jina kubwa ambacho naona tunakisahau: kumwuliza anayekujua. Simine Vazire alionyesha mwaka 2010 kwamba mtu anajijua vyema kuliko wengine kwenye mambo ya ndani, kama wasiwasi, lakini marafiki wanamzidi kwenye yale anayoyaonea haya au kiburi, kama werevu na ubunifu. Na kazini, Brian Connelly na Deniz Ones walijumlisha tafiti mwaka huohuo wakaona kwamba maelezo ya watu wengine yanatabiri utendaji kuliko ya mtu mwenyewe. Sisi tunaoishi lupango moja na shangazi, binamu na mpangaji tuna utajiri wa mashahidi ambao mtafiti wa Ulaya angeulipia.

Kwa hiyo maswali yaleyale 50, mpe dada, mpe rafiki wa darasani, wajibu juu yako bila wewe kuwachungulia. Palipo na tofauti kubwa ndipo pa kukaa mkazungumza.

Je, mizani hiyo inatufaa huku?

Hapa nakaa zaidi, maana hata kipimo ninachokiegemea kina nyufa.

Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake waliwapima Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni, na tano hazikutokea. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichambua majibu ya watu 94,751 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakaona kwamba maswali yaleyale ya kawaida, yakiulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayapimi kile yaliyotengenezewa kupima. Sababu moja ni hii: watu wanakubali. Mgeni amekuja na karatasi, ameketi kwenye kiti ulichomletea, anauliza, "Je, wewe ni mtu wa bidii?" Ndiyo, papa. Dakika tano baadaye: "Je, wewe ni mvivu kidogo?" Ndiyo, papa. Mtu hakudanganya. Alimheshimu mgeni. Watafiti wengine huandika majibu hayo bila kuona kwamba wamepima adabu.

Maswali yenyewe nayo yamezaliwa mahali. "Napenda kubaki peke yangu chumbani." Katika nyumba ambayo watoto watano wanalala chumba kimoja, kubaki peke yako si tabia, ni bahati. Swali la dodoso la mtoto wetu lilihusu sherehe ambazo hakuna unayemjua. Sherehe gani hiyo? Hapa Lubumbashi, hata msibani utamkuta unayemjua. Alijibu kwamba hapendi, akazidi kusogezwa upande wa I.

Halafu lugha. Nairán Ramírez-Esparza na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba watu wanaosema Kihispania na Kiingereza hupata alama tofauti kidogo wakijibu kwa lugha hii au ile. Kwetu Kifaransa ni cha darasani na ofisini. Ukiniuliza kwa Kifaransa, unamwuliza yule mwanafunzi aliyesimama wima mbele ya mwalimu. Kiswahili kinamwuliza anayemenya muhogo na mama yake. Wote wawili ni mimi, lakini unayetaka kumjua ni yupi?

Kiswahili pia hakiko kama lugha zilizozaa mizani hizo. Vivumishi vya tabia tunavyo vichache. Tunasema mchoyo, mkarimu, mwenye roho nzuri, mtu wa watu, na hapa mjini "iko na kichwa nguvu". Harrun Garrashi, Boele De Raad na Dick Barelds walilikabili jambo hilo kwa kutafiti msamiati wa tabia wa Kiswahili chenyewe. Amber Thalmayer na Gerard Saucier walifanya vivyo hivyo kwa Kimaa cha Wamasai na lugha nyingine za Afrika, nako mafungu yaliyotoka hayakuwa nakala ya zile tano. Afrika Kusini wamefika mbali zaidi. Waliwahoji watu zaidi ya 1,200 kwa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo, wakawaomba waeleze tabia za watu wanaowajua, na kutokana na majibu hayo wakajenga kipimo chao. Kilichojaza majibu kilikuwa namna mtu anavyoishi na wengine: kama anapatanisha, kama anawaelekeza wadogo, kama anatunza uhusiano. Nilipoyasoma matokeo hayo nilimkumbuka bibi yangu. Alipomsifu mtu hakusema ni mchangamfu. Alisema, "Huyo anajua kukaa na watu."

Kwa hiyo zitumie mizani tano, lakini zigeuze Kiswahili, ondoa maswali yasiyo ya hapa, mtu ajijazie mwenyewe pasipo mgeni, na uongeze swali la bibi.

Sasa, nani achague kipi

Kwa shemeji: hakuna test ya kumjua mwizi. Michael Ashton na Kibeom Lee wanapima mizani ya sita, ya uaminifu na unyenyekevu, na kwa utafiti ni nzuri, lakini anayeomba kazi anajua jibu linalotakiwa. Nilimwambia aandike maswali sita kuhusu mambo halisi ya duka, awaulize wote watatu waliokuja kuomba kazi maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, aweke alama papo hapo. Mahojiano ya namna hiyo yaliongoza orodha katika tathmini kubwa ya Paul Sackett na wenzake ya mwaka 2022. Kisha ampe kila mmoja mzigo wa saruji kuhesabu, na karatasi yenye kosa la mifuko miwili, aone nani atalisema. Na apige simu kwa aliyewaajiri zamani.

Kwa binti wa jirani: ile karatasi aitunze kwa ajili ya mazungumzo, lakini asiipe mamlaka ya kuvunja uchumba. Portia Dyrenforth na wenzake walipima wanandoa wengi wa Australia, Uingereza na Ujerumani, mwaka 2010, wakaona kwamba kufanana kwa tabia kunaongeza kidogo mno kwenye furaha ya ndoa. Kilichokuwa na uzito ni tabia ya kila mmoja peke yake, hasa upole na utulivu wa moyo. Badala ya kuuliza kama melankoliki anapatana na sangwini, atazame mchumba wake anafanyaje akikasirishwa, zaidi ya mara moja.

Na kama kinachokusumbua ni usingizi uliopotea kwa wiki, sauti unazozisikia peke yako, hofu isiyo na sababu au hamu ya kufa, acha vipimo vyote hivi. Nenda hospitali, au kituo cha tiba ya akili cha Joseph Guislain hapa mjini. Hayo hayapimwi kwa simu.

Mtoto wa dada yangu tulikaa naye Jumapili mbili. Ya kwanza tuligeuza yale maswali 50 yawe Kiswahili, tukibishana karibu kila neno, na kwa kubishana hakunipa nafasi. Ya pili alijaza, mama yake akajaza, na rafiki yake wa darasani. Bidii na utaratibu: wote watatu walimweka juu. Uchangamfu: yeye alijiweka chini, mama katikati, rafiki juu kabisa. "Anasema sana?" nikamwuliza rafiki. "Hapana, mama. Anasema mwisho. Tukigombana darasani, yeye anangoja, halafu anasema kimoja na prefe anamsikiliza." Prefe ndiye mkuu wa shule. Kimya kina mshindo mkuu, alisema dada yangu kutoka jikoni.

Fomu ya sheria haijajazwa bado. Aliniomba nimtafutie mtu anayefanya kazi mahakamani, akakae naye siku moja, asikilize kazi yenyewe ikoje. Nimempata. Wanakwenda Alhamisi, na ameniambia atachukua daftari.